Yaya Numbi na Munganga Aliyekuwa Mukwe Wake

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Nilisoma shule ya msingi tu, na tangu nilipotoka pale mkono wangu haujapata mbio. Ukurasa mmoja unanilia siku nzima. Mjukuu wangu alitaka nimsomee yeye apige kwenye mashine, nikakataa, kwa sababu ni msichana mwenye heshima na najua maneno fulani angeyaruka. Katika sura hii hakuna neno la kuruka. Tumeruka maneno vya kutosha katika familia yetu, na makaburi yapo ya kuonyesha.

Naandika nikiwa na hasira, afadhali mjue mapema. Wiki tatu zilizopita tulimzika Mwilambwe, mtoto wa kaka yangu mkubwa Numbi, niliyemwita Yaya, hapa Ruashi. Nilikuwa nimekaa matangani chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, na nyuma yangu wanaume wawili walikuwa wanaongea kwa sauti ile ya chini ambayo watu hudhani haisikiki. Mmoja alisema, "Damu alianza kuitosha ku choo tangu mwaka jana." Mwenzake akajibu, "Njo kazi ya camion ile. Unaikala siku tatu mu foleni ya mupaka ya Kasumbalesa, kiti iko moto, matako inaharibika." Wa kwanza akasema, "Bibi yake alimutilia dawa ya pilipili." "Ilisaidia?" "Kidogo." Kisha wakaomba chai. Niliinuka nikaenda kusimama barabarani, maana ningebaki pale ningempiga mtu kwenye matanga, na mimi katika maisha yangu sijampiga mtu. Sentensi zile nilikuwa nimezisikia zote, karibu kwa mpangilio uleule, mwaka ambao Mwilambwe mwenyewe alikuwa mtoto wa mgongoni. Tofauti ilikuwa camion tu, lile lori lake la kazi.

Sitaeleza wazazi wetu walikuwa nani wala tulitoka kijiji gani. Nianze pale ninapotaka kuanzia. Ulikuwa mwaka uliofuata ule serikali ilipotukataza majina ya ubatizo, na nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nalala chumba cha mbele katika nyumba ya Yaya Numbi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa Kompanyi. Chumba kilikuwa na meza, viti vinne, kabati la vyombo, picha ya Rais iliyokatwa gazetini, na mkeka wangu ambao asubuhi ulisimamishwa nyuma ya mlango. Dirisha lilitazama barabara ya vumbi jekundu na, mbali kidogo, bomba la moshi la kiwanda. Jikoni palikuwa nje, mbabula mbili za makaa na kisturi cha mabati cha kuogea na kufulia. Kompanyi iligawa unga, maharagwe na mafuta kila mwezi, kwa hiyo njaa hatukuijua. Yaya alikuwa mtu wa kula. Shemeki Ngoie, mke wake, alipoleta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku za mshahara samaki wa tomsoni, Yaya alikuwa anaukata ule mlima wa bukari katikati kama mtu anayegawa shamba. Ndiyo maana nilitambua mapema. Alianza kukata robo. Baadaye akawa anachovya tonge mbili, anasema ameshiba, na anasukuma sahani upande wangu. Nami nilikula. Nilifikiri ananipenda.

Vyoo vya kambi vilikuwa mstari mmoja kwa nyumba nane. Asubuhi moja kabla ya king'ora cha kazi niliingia baada ya Yaya kutoka, nikaona damu. Si tone. Nilipotoka nilimkuta amesimama penye bomba la maji, ananawa mikono iliyokwisha kunawiwa zamani.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Yaya."

"Haukuona kitu."

"Ndiyo, Yaya."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote juu ya ugonjwa wake kwa miezi mitano. Nikiyasoma hapa nataka kuwachukua wale watu wawili, yule wa bomba na yule mjinga mwenye taulo begani, ndiye mimi, niwagonganishe vichwa.

Nisiseme hakuna aliyejua. Walijua wote, ndilo linalonichosha. Shemeki alijua kwa sababu ndiye aliyefua. Mama Kalonda, jirani wa mlango wa pili, alijua kwa sababu Shemeki alimwomba ule mpira wa lavema, wa kutilia dawa tumboni kwa nyuma. Kila nyumba ya kambi ilikuwa na mpira kama huo ukining'inia kwenye msumari karibu na sufuria, na watoto waliukimbia. Mama Kalonda alikuja na majani yake na pilipili iliyosagwa, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akatoa hukumu juu ya ugonjwa bila hata kumwona mgonjwa.

"Maladi ya matako hii. Bwana yangu aliipata, shangazi yangu aliipata, hata katekista wa hapa aliipata."

"Katekista pia?" Shemeki akauliza.

"Unafikiri katekista anaikaliaka nini? Tia pilipili mara tatu kwa juma. Itamuchoma, atakulaani, utaniambia asante."

Wakacheka. Nilikuwa napuliza makaa, sikuinua macho. Kila mtu kambini alikuwa na jina la ugonjwa ule na dawa yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia. Yaya alichomwa na pilipili mara tatu kwa juma. Damu ikapungua wiki mbili, wakasema mmeona, kisha ikarudi.

Sasa nieleze jambo ambalo wajukuu zangu hawanielewi nikiwasimulia. Mfanyakazi wa Kompanyi hakuwa anaingia hospitali kubwa hivihivi. Alipita kwanza dispanseri ya kambi yake, akaonwa na munganga wa pale, na munganga akamwandikia karatasi. Bila karatasi hupiti mlango wa hospitali. Na jibu la daktari liliandikwa nyuma ya karatasi ileile, likarudi dispanseri, munganga akalisoma. Ulikuwa mpango mzuri, sina neno juu yake. Ila munganga wa kambi yetu alikuwa Papa Kisimba, na Papa Kisimba alikuwa baba yake Shemeki Ngoie. Alikuwa mukwe wa Yaya.

Kwetu mukwe si mtu wa kuonyeshana naye mwili. Yaya aliposikia kengele ya baiskeli ya Papa Kisimba alitoka barabarani, akasimama pembeni na macho chini mpaka apite. Papa Kisimba alipokuja kula kwetu Jumapili, alikula chumba cha mbele na mimi, na Yaya alikaa nje chini ya dirisha na sahani yake, kwa sababu mume wa binti haonyeshi mdomo wake ukitafuna mbele ya mukwe. Mtu asiyeweza kuonyesha mdomo, mnafikiri ataonyesha nini?

Hata hivyo Yaya alienda dispanseri. Alienda mara tatu. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akitazama sakafu, akasema kichwa kinamuuma, akapewa aspirini. Mara ya pili alisema ana homa, akapewa vidonge vya malaria, vile vichungu, akavimeza vyote kwa uaminifu wa mtu mwenye malaria kweli. Mara ya tatu alisema mgongo. Papa Kisimba alikuwa munganga makini. Aliona mkwe wake amekonda, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupiga picha ya mgongo. Yaya akaenda. Alipokelewa na daktari. Alisimama mbele ya daktari mwenyewe, mtu asiye mukwe wake wala wa mtu yeyote kambini, na daktari akamwuliza kama kuna kitu kingine kinachomsumbua. Yaya akasema hapana, kwa sababu kitu kingine kingeandikwa nyuma ya karatasi na Papa Kisimba angekisoma. Alirudi nyumbani na picha ndani ya bahasha kubwa, akaishika dirishani tuitazame.

"Muone. Mugongo yangu iko muzuri kabisa."

Shemeki aliitazama ile picha muda mrefu. "Iko muzuri," akasema, akaenda jikoni. Nilimsikia anapiga sufuria kwa mwiko, hapakuwa na kitu ndani yake.

Jumapili moja baada ya hapo Papa Kisimba alikuja kula. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono safi kuliko mikono yote niliyowahi kuona, na alipenda kulalamika juu ya kazi yake akila. Shemeki alikuwa amekaa mlangoni na Mwilambwe mapajani. Yaya alikuwa nje, chini ya dirisha, na kikombe cha munkoyo.

"Hii bantu ya kambi inanichosha," Papa Kisimba akasema. "Inadanganya munganga. Mutu iko na maladi ya chini, anasema kichwa. Mwanamuke anatosha damu, anasema meno. Miye nitafanya nini? Ninapaana dawa ya meno. Kisha wanakufa, familia inasema munganga ni mulozi."

Shemeki akainamisha kichwa juu ya mtoto. "Labda banaona haya, papa."

"Haya ya nini? Nina miaka makumi mawili ninaangaria matako ya Kompanyi. Matako iko moja tu. Haina ya mukubwa, haina ya mudogo."

Nilikaribia kupaliwa na bukari. Niligeuza macho dirishani, na pale chini nikaona kichwa cha Yaya, hakitikisiki, kikombe kimesimama kati ya magoti na mdomo. Alikuwa amesikia kila neno. Mlango wa kusema ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyeufungua alikuwa mwenyewe aliyekuwa anaogopwa. Alichotakiwa kufanya ni kukohoa tu, kusema, "Papa, na miye pia." Papa Kisimba alipokwisha kuondoka na baiskeli yake nilitoka nje, nikakaa karibu na Yaya. Akanitazama.

"Alisema juu ya bengine," Yaya akasema.

Siku chache baadaye Shemeki aliniita kwenye kisturi. Alikuwa amefua suruali ya Yaya mara mbili siku ileile, maji bado mekundu kwenye beseni, wala hakujaribu kuyaficha.

"Mudogo, muone. Weye unayua kuandika. Andikia papa yangu."

"Shemeki, muambie weye. Ni papa yako."

"Nitaambia papa yangu nini? Matako ya bwana yangu? Nikifungua kinywa nitakufa mbele yake. Andika. Usiseme niko miye."

Niliandika. Mistari minne, kwa Kiswahili, na ilinichukua wiki nzima, maana kila nilipofika kwenye neno lenyewe kalamu ilisimama. Mwishowe niliandika kwamba Numbi anatoa damu akienda choo tangu miezi mingi, na ameacha kula, na anaona haya. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kupanga foleni dispanseri. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na watoto na wanaume wa zamu ya usiku, na wote walinijua. Nilipofika mezani Papa Kisimba alinitazama juu ya miwani.

"Nini, mutoto?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni juu ya barua. Nikasema nakohoa.

Akanipa chupa ya dawa ya kikohozi. Nikarudi nyumbani. Shemeki akauliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa. Wiki iliyofuata nilienda tena, nikakohoa tena, nikapewa chupa ya pili. Nilikuwa nimekaa miezi nikimcheka kaka yangu moyoni kwa ajili ya mgongo wake mzuri, na sasa nilikuwa na chupa mbili za dawa nyuma ya mkeka na kifua kisicho na kitu. Watu wakiniuliza kwa nini nina hasira na wale wa matangani, nawaambia siwazidi kwa lolote. Wiki hizo nilizopoteza kwenye foleni hakuna aliyeniibia. Nilizitupa mwenyewe.

Mara ya tatu Papa Kisimba hakushika chupa. Aliweka mikono yake safi juu ya meza. "Weye haukohoe," akasema. "Tosha ile kitu unashika mu mufuko."

Niliitoa. Ilikuwa imelainika kama kitambaa. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani kana kwamba ingesema kitu kingine. Nilingoja anifukuze.

"Njo sababu ya kichwa," akasema taratibu. "Njo sababu ya malaria. Na mugongo." Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia, "Kila munganga iko na bakwe. Muliwaza siye tunafanyaka namna gani?"

Nikasema sijui, papa.

"Munganga wa kambi ya ngambo, bakwe yake banakuyaka kwangu. Bangu banaendaka kwake. Miaka na miaka. Angeniambia paka neno moja tu, 'papa, nitume ngambo', singeuliza hata juu ya nini."

Alivuta karatasi, akaandika mistari miwili ya kumtuma Yaya ngambo, akagonga muhuri. Mama aliyekuwa nyuma yangu hakuwa hata amemaliza kumfunga mtoto mgongoni. Ndiyo muda uliotakiwa. Tulikuwa tumeuzunguka kwa nusu mwaka na zaidi, na pilipili, na picha ya mgongo, na chupa za kikohozi. Ule mpango wa waganga wawili kubadilishana wakwe ulikuwapo muda wote. Ila hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa kambi, maana hata kuutaja ilikuwa haya.

Hospitalini, alikotumwa na yule munganga wa ngambo, daktari alivaa mpira wa mkono, akamgusa Yaya kwa kidole, na akajua palepale. Kulikuwa na uvimbe ndani ya utumbo wa nyuma, si mbali na mlango wenyewe. Kansere, wengine huita saratani. Walimpasua, wakamwekea mfuko tumboni wa kutolea choo. Lakini ilikuwa imekwisha kupanda kwenye ini. Daktari alituambia, mimi na Shemeki, kwamba uvimbe wa namna ile unakua polepole sana, miaka, na unapokuwa mdogo unakatwa na mtu anarudi kazini. Aliuliza damu ilianza lini. Shemeki alimwambia ukweli. Daktari aliuandika mwezi huo. Alifunika kalamu yake.

Siku moja nilikuwa hospitalini mchana, mfuko wa Yaya ulikuwa umejaa na umevuja, na muuguzi wa zamu hakuonekana. Papa Kisimba aliingia. Alikuwa amekuja kuona mkwe wake, na kofia mkononi, na alitakiwa kusimama mlangoni kama desturi inavyotaka. Alinusa. Akaweka kofia kitandani, akakunja mikono ya shati, akaniambia nilete maji. Yaya aligeuza uso ukutani.

"Mukwe," Papa Kisimba akasema, "funga macho kama unapenda. Miye niko ku kazi."

Alimsafisha kama anavyosafishwa mtoto mchanga, bila haraka, akabadilisha mfuko, akamfunika shuka mpaka kifuani. Mabega ya Yaya yalikuwa yanatikisika. Nilifikiri analia, kumbe alikuwa anacheka, kwa nguvu kidogo zilizobaki.

"Papa," akasema akiwa bado anatazama ukuta, "ilikuwa paka hii tu?"

"Paka hii tu," Papa Kisimba akasema.

Yaya alikufa kabla mvua hazijaanza. Mwilambwe alikuwa ameanza kusimama kwa kushika viti.

Miaka mingi baadaye, nywele zangu zikiwa zimeanza kuwa nyeupe, nilienda kwa daktari kwa miguu yangu mwenyewe, siumwi kitu. Nikamwambia nilikuwa na kaka wa tumbo moja aliyekufa kwa kansere ya utumbo. Nililisema neno zima. Akaniambia mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata ugonjwa huu hangoji uzee wala hangoji damu. Anaanza kupimwa mapema, na anarudi kila anapoambiwa arudi. Na wengine wote, wenye afya, waanze wakifika miaka arobaini na mitano hivi. Kuna kipimo cha choo, unapeleka kidogo ndani ya kikopo, wanatafuta damu ambayo jicho halioni. Na kuna mpira mwembamba wenye kamera, unaoingizwa kwa nyuma baada ya kunywa dawa ya kuharisha siku nzima. Dawa ile ni mbaya, mpira si kitu. Waliniona na kinyama kidogo kwenye utumbo, kama punje ya hindi, wakakikata palepale. Daktari alisema kingeachwa kingeweza kugeuka. Sikuwa nimetoa damu hata siku moja. Niliteremka kitandani, nikaenda kula bukari.

Na hapa hasira yangu inarudi mahali pake. Nilimwambia Mwilambwe. Nilimwambia mara moja, siku ya harusi ya binti yake, pembeni ya muziki, kwa sauti yangu hii ndogo. Alikuwa na afya, amevaa suti, anatoka jasho la furaha. "Papa mudogo," akasema, "miye niko muzuri kabisa," akanipa kiti. Nikakaa. Sikumwambia mara ya pili. Niliona haya kumsumbua mtu mzima juu ya matako yake, mimi niliyemwona baba yake anageuza uso ukutani.

Mwilambwe ameacha watoto wanne, na kila mmoja ana umri wa kusikia haya. Nyinyi ndio ninaowaandikia kwanza, na kila mtu mwingine ambaye sura hii itamfikia. Nataka mniandikie. Sihitaji salamu ndefu. Niandikieni siku mliyoenda kupimwa, mahali, na walichowaambia. Nitaziweka barua mezani, na nitajua ni nani bado. Na kama huendi kwa sababu kuna mtu unamwonea haya, mukwe, mke, daktari mwanamke, mtoto wa jirani anayefanya kazi maabara, basi niandikie jina la mtu huyo tu. Nitavaa viatu, nitaenda kumwambia mimi.